Klabu Ikifungwa

Mwanangu mpendwa,

Dada yako kaniambia klabu unayopigia muziki inafungwa mwisho wa mwezi, na kwamba tangu upate habari hizo huli vizuri, hulali, na simu hupokei. Sikuandikii kukuambia utafute kazi ya maana. Kazi ya maana unayo. Nina neno moja tu, nalo linanikosesha usingizi mimi pia.

Wewe ndiye uliyenitajia jina la Larry Levan, DJ kama wewe, na mimi nikaenda kumsoma. Alipiga santuri katika klabu ya Paradise Garage, New York, tangu 1977 hadi 1987, katika jengo lililokuwa gereji ya magari. Pombe haikuuzwa mle. Watu walikwenda kucheza mpaka asubuhi. Wanasimulia kwamba alibadilisha sindano za santuri kadiri usiku ulivyosonga, za kawaida kwanza, zilizo bora baadaye, ili sauti ipande pamoja na watu. Tena aliweza kuacha mitambo, akapanda ngazi na kuufuta ule mpira wa vioo unaoning'inia juu ya wachezaji kwa sababu haung'ai anavyotaka. Hapo ndipo nilipompenda, maana nilikuona wewe. Anayeijali kazi yake kiasi hicho asiitwe mhuni mbele yangu.

Septemba 1987 klabu ikafungwa. Levan alikuwa na miaka 33. Mwenye klabu naye alifariki mwaka huohuo. Levan hakupata tena ukumbi wa kuuita wake. Dawa za kulevya, alizokuwa amekwisha kuzizoea, zikamkamata zaidi, hata akafikia kuuza santuri zake, na rafiki zake wakawa wanazinunua ili wamrudishie. Mwaka 1992 alialikwa Japani kupiga. Novemba mwaka huo moyo ukamshinda, akiwa na miaka 38.

Wengi husema ni dawa zilizommaliza, na siwapingi. Ila mimi naona palikuwa na jambo lililotangulia. Jina lake, rafiki zake, hata sauti yenyewe, kwa kuwa spika zile Richard Long alizitengenezea ukumbi ule, vyote vilikaa chini ya paa moja. Paa lilipoondoka, hakubaki na pa kusimama. Nakuogopea hilo, mwanangu, kuliko ninavyoogopa usiku na watu wake.

Ndiyo maana nakuuliza habari za ule muziki wako mwingine. Ule usioupiga klabuni, wa vyuma, pumzi na mvua uliyoigeuza irudi kinyumenyume. Bado unaufanya? Soma habari za Arthur Russell, kama hujazisoma. Kijana wa Iowa, mpiga selo, aliyesimamia muziki katika ukumbi wa majaribio wa The Kitchen, kisha akatunga disko bila kuona aibu mbele ya watu wa majaribio wala wa disko. Levan mwenyewe ndiye aliyeuchanganya upya wimbo wake wa Is It All Over My Face, mwaka 1980, ukachezwa sana. Mwaka 1986 Russell akatoa albamu ya World of Echo, sauti yake, selo na mwangwi, basi. Shida yake ni kwamba hakuna alichokubali kuwa kimekamilika. Aliurudia wimbo mmoja tena na tena. UKIMWI ulimchukua Aprili 1992 akiwa na miaka 40, akaacha kanda zaidi ya elfu. Lakini alikuwa na mwenzake waliyeishi pamoja, naye akazitunza. Kuanzia 2004 albamu zilizotoka kwenye kanda hizo zikawafikia watu ambao hawakuwahi kumsikia akiwa hai.

Kwa hiyo nakuomba: rekodi kazi zako, ziandike tarehe, nakala moja ikae kwa dada yako. Chagua nyimbo chache useme zimekwisha, hata kama moyo unakataa. Na wale wenzako wa klabu, waite kwako kabla ukumbi haujafungwa, mkae bila mitambo, mjuane mchana.

La masikio nalo sitalinyamazia. Wataalamu wa usalama kazini wanasema mtu astahimili desibeli 85, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa saa 8 tu, na kila zinapoongezeka 3 muda unakatika nusu. Zikifika 100, umebakiwa na dakika 15. Wewe husimama kwenye kibanda usiku kucha, na ulishaniambia masikio hulia hadi kesho yake. Huko ndiko kuharibika kunakoanzia, na kilichokufa ndani ya sikio hakioti tena. Nimempa dada yako fedha za kukupimia na kukutengenezea vizibo vya kukaa sawasawa masikioni mwako. Ni za kazi hiyo tu, tafadhali.

Jumapili alasiri nitapiga simu. Pokea, hata kama huna la kusema, nitaongea mimi.

Mama yako