Bakuli la Likoni

Buruburu, Nairobi

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa jana nimeusoma mara mbili. Hoteli ya Diani mmeshailipia siku nne, tiketi za treni mnazo, na sasa waniuliza: umwambie mama mkubwa wa Likoni kwamba mnakuja, au mpite kimya? Unasema siku ni chache, na watoto wanataka bahari, si vikao vya wazee.

Kupita kimya siku hizi ni rahisi. Mkishuka Miritini, gari linawachukua kwa barabara ya Dongo Kundu mpaka mnatokea njia ya Lunga Lunga. Feri hamjaiona, wala Likoni haijawaona. Enzi zetu uchochoro huo haukuwapo. Mwaka tuliowapeleka nyinyi, wewe hata shule hujaanza, nami nilipanga vivyo hivyo. Kumbe! Hata feri haijaondoka nikasikia naitwa kwa jina langu la utotoni. Alikuwa binamu yako, kabeba kikapu cha samaki. Nikamwambia tungepita kwao tukirudi. Uongo mtupu.

Kesho yake asubuhi tukaambiwa kuna mgeni wetu langoni. Askari walikuwa wamemzuia kuingia. Nilimkuta dada yangu amekaa juu ya jiwe chini ya mwarobaini, viatu vimejaa vumbi, bakuli la mahamri mapajani limefunikwa leso. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama watoto wanakula vizuri, kisha akasema anawahi matatu ya kurudi. Mahamri yalikuwa bado vuguvugu. Wewe ulikula matano. Mimi hata moja halikupita kooni.

Kwa hiyo mwambie. Ila mpigie siku mbili kabla, usimpigie asubuhi ya siku yenyewe ukamtia mbioni kutafuta kuku wa kukopa. Sema mnakuja kunywa chai. Atapika pilau hata hivyo, namjua, lakini wewe utakuwa umesema lako. Na msiende mmekula hotelini, tafadhali.

Siku ya kwenda ichague kwa maji. Nimetazama kalenda: mwezi utakuwa mpevu mkiwa huko, na siku hizo za bamvua bahari hupwa sana kwenye saa nne, saa tano za asubuhi. Mtabaki mkitazama miamba na nyasi za bahari, na watoto wakinuna. Basi hiyo ndiyo asubuhi ya Likoni. Maji yatajaa alasiri, mtayakuta.

Watoto wafunze shikamoo kabla treni haijafika Mtito Andei. Ile "sasa" yao waiache Nairobi. Viatu wavulie mlangoni. Mumeo naye, mkwe wangu nampenda, lakini simu aitie mfukoni. Mama mkubwa atamuuliza habari za wazazi wake mmoja mmoja, na atangoja majibu. Ukitaka kumpa chochote, usimpe mbele ya watu. Ngoja akusindikize, mkiwa njiani mkunjie mkononi. Atakataa mara mbili.

Usimwalike hotelini kwa kujionyesha. Lakini akitaka mwenyewe kuja kuwaona wajukuu wakiogelea, kamchukue wewe kwa gari, na uingie naye langoni bega kwa bega.

Jambo la mwisho. Lile bakuli sikulirudisha. Tumeonana na dada yangu harusini na matangani miaka yote hii, na hakuna kati yetu aliyelitaja. Liko kabatini kwangu, lile la bati lenye maua mekundu, ulikuwa ukilitumia kuoshea mikono. Nimelifunga kwa gazeti, ndani nimetia majani ya chai ya Kericho na parachichi sita ambazo hazijaiva. Lipitie Jumapili, na usilifungue njiani.

Mama yako