Nyaraka za programu huria zihesabiwe kuwa kazi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie utunzaji wa programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha, hasa Patchwork, programu ya wavuti inayokusanya viraka vya msimbo, yaani mapendekezo ya kubadilisha sehemu za programu, vinavyotumwa kwa barua pepe na kuonyesha kipi ni kipya, kipi kinakaguliwa na kipi kimekubaliwa au kukataliwa. Baadhi ya watunzaji wa kiini cha Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, huitegemea, kwani kiraka kikizama katika lundo la barua, jasho la aliyekiandika hupotea bure.

Kikundi chetu hapa Tudor kilipojaribu kuisimika, tulifuata maelezo ya zamani tuliyoyapata kwingine, yaliyoandikwa kwa ajili ya Python 2, toleo la zamani la lugha ya kuandikia programu, ambalo liliacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Siku tatu zilikwisha, na hifadhidata ilikataa kufunguka. Kwa kuwa Patchwork imejengwa juu ya Django, msingi wa kuundia programu za wavuti, kila toleo la msingi huo linapofikia ukomo, watunzaji hulazimika kurekebisha msimbo, kuijaribu programu upya na kueleza hatua za kuhamisha data bila kuipoteza. Hatua hizo zisipoandikwa, aliye mbali na watunzaji, kama sisi wa pwani, hubaki akibahatisha.

Kwa maoni yangu, badiliko lisilo na maelezo halijakamilika na lisipokewe. Naviomba vyuo vya Mombasa viwahesabie wanafunzi alama kwa kuandika na kuhakiki nyaraka hizi, zikiwemo za Kiswahili, kama vinavyowahesabia kwa msimbo.

Wako mwaminifu,
Msomaji, Tudor, Mombasa