Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu: naomba ufunguo wa wodi ya wazazi

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa umri ningekuita mwanangu, lakini cheo ni dhamana, kwa hiyo nakuandikia kwa heshima na taadhima.

Usiku wa Jumamosi mkwe wangu alishikwa na uchungu. Mvua inapiga, bodaboda kagoma kuvuka korongo. Tukajibanza kwenye baraza ya wodi mpya ya wazazi, ile yenye bati la bluu na kufuli mlangoni. Akajifungulia hapo hapo, juu ya vigae, kwenye kanga zangu mbili. Kila nikiinua tochi ya simu, mwanga unapiga jiwe la msingi lililowekwa na Mwenge wa Uhuru. Mtoto ni wa kiume, mzima. Majirani wanasema aitwe Mkurugenzi, maana naye kafika mlangoni akaishia nje, kama wewe siku ya ukaguzi.

Nikukumbushe kidogo. Julai 2021 tulipoanza kukatwa tozo kwenye miamala ya simu, tuliambiwa fedha hizo zitajenga vituo vya afya. Tulinung'unika, tukakatwa. Msingi tukachimba wenyewe, nguvu za wananchi. Ujenzi ukawa wa fosi akaunti, yaani bila mkandarasi, mafundi tunawasimamia wenyewe, nami nikawekwa kamati ya mapokezi ya vifaa: nimehesabu mifuko ya saruji mpaka macho yakauma, nimesaini vitasa, nimesaini na hilo kufuli. Ufunguo ukaondoka na mtu wako, eti kwa usalama. Ulisema wiki mbili. Haya ni masika ya pili.

Kisa ni nini? Wapo wanaosema umeme, kwa kuwa nguzo ya mwisho imeishia pale kwenye mwembe. Wengine wanasema vitanda viko stoo kwenu, vinamsubiri mgeni rasmi aje akate utepe. Mimi hili la utepe ndilo naliamini, unisamehe. Kama ni utepe, nina mtandio mwekundu, njoo ukate.

Nilipoanza barua hii niliandika gari la wagonjwa, maji ya bomba, daktari. Nimeyafuta yote. Hata umeme acha, tutawasha kandili. Muuguzi wa zahanati kapanga chumba jirani na hapo, na ameniambia kukifunguliwa leo anazalisha leo. Vijana walikuja na nyundo Jumapili asubuhi, nikawazuia, nikawaambia ni mali ya umma. Sijui kama nitawazuia tena, maana binti yangu naye ni wa mwezi ujao.

Naomba ufunguo, Ndugu Mkurugenzi. Ufunguo tu. Mpe dereva wako, mpe mwenyekiti wa kijiji, mpe bodaboda yeyote anayekuja huku. Nauli nitalipa mimi.

Wako mtiifu,
Bibi wa mtoto wa barazani