Ilimba isinyooshwe

Leeds, Uingereza

Baba na mama, shikamooni. Huku tu wazima, ila baridi imetukaba. Wadogo zangu nawasalimu wote, na leo maneno mengi ni ya huyu mdogo wangu anayepiga ilimba, ala yetu ya Kigogo ya ndimi za chuma zinazodonolewa kwa vidole gumba, kabla hajarudi Dar kurekodi.

Mdogo wangu, wimbo wako wa upweke wa mjini nimeusikiliza. Ubeti wa mvua ndio wenyewe: kwetu Dodoma mvua ya Desemba ikianza watu wako shambani, na kule Mbagala, Dar, mvua hiyohiyo ni foleni na maji mlangoni. Uanze na huo. Ule unaotaja mlenda, ng'ombe, bibi na kisima kwa mkupuo, upunguze. Mlenda peke yake unatosha.

Sasa ilimba. Prodyuza akishaweka kinanda ataona vyuma vyako vimepishana nacho, atakuomba uvirekebishe. Usikubali. Ilimba ya Kigogo inafuata sauti za asili zinazozaliwa juu ya sauti moja ya chini. Tuseme chuma cha mzizi kinalia Hezi 200, yaani kinatetema mara 200 kwa sekunde. Kile cha Hezi 300 kinanda kinakipata karibu sawasawa. Lakini cha Hezi 350 hakinacho. Kilicho karibu zaidi ni 356, na zikilia pamoja zinagongana mara sita hivi kwa sekunde. Na hapo kwenye 350 ndipo sauti yako inapotua kila mwisho wa mstari, ndipo huzuni yote ilipo. Akikivuta chuma hicho, yatabaki maneno tu. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo, alirekodi na kampuni ya muziki ya Real World ya huku Uingereza miaka ya 1990, na ilimba yake ilibaki na sauti zake za Kigogo.

Basi besi ipige mzizi na ile ya 300, basi. Kinanda kikilazimika kuwepo, sauti yake ya 356 ishushwe senti 31, yaani karibu theluthi ya hatua kati ya vitufe viwili jirani. Programu nyingi za studio zinaruhusu. Na programu ya kunyoosha sauti ya mwimbaji izimwe kabisa, la sivyo itavuta koo lako kwenda 356 huku ilimba ikibaki 350.

Baba, naomba umsimamie wakati wa kulinganisha. Unajua mwenyewe: ulimi wa chuma ukirefushwa sauti inashuka, ukifupishwa inapanda, na kwa vile vifupi vya juu hata milimita moja ni nyingi. Arudie tena akifika Dar, maana basi linatikisa vyuma njia nzima. Abebe utando wa buibui wa akiba, ule unaofunika tundu la ilimba, kwa sababu hupasuka upesi. Prodyuza asiyeujua atadhani mvumo wake ni spika mbovu na atauchuja. Aambiwe mapema kwamba mvumo ule ni sehemu ya ala.

Zeze nalo lina shida yake pwani: unyevu unalegeza ngozi, sauti inakuwa nzito na inashuka. Studio yenye kiyoyozi inaikaza tena. Kwa hiyo liache chumbani nusu saa kwanza, ndipo ulinganishe.

Maikrofoni ya ilimba ikae sentimita 30 hivi, ielekee kati ya vyuma na tundu. Ikielekezwa tunduni moja kwa moja utasikia mvumo mtupu. Kipimo cha sauti kisivuke desibeli -12, kwani mdonoo wa chuma ni mkali na ukikatika kileleni haurekebishiki. Ilimba na sauti zirekodiwe pamoja, bila mdundo wa mashine masikioni. Unavuta pumzi kabla ya kila kiitikio na ilimba inakusubiri, mashine haitakusubiri.

Faili nitumie kwa WhatsApp kama hati, wala si kama ujumbe wa sauti, maana huko hubanwa na mvumo wa juu hupotea. Nikishasikiliza, nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukausajili wimbo, ndipo uupandishe mtandaoni.

Ni mimi dada yako,
Leeds