Risala ya washiriki wa mafunzo ya tiba ya VVU kwa mgeni rasmi

Ndugu mgeni rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya, wakufunzi wetu na wageni waalikwa, hamjambo. Sisi madaktari na matabibu wa vituo vya afya na zahanati tunashukuru umefika, maana tulisikia una kikao na watu walishaanza kusema risala itasomewa viti.

Ndugu mgeni rasmi, tuseme ukweli, kabla ya mafunzo haya wengi wetu tukiona tu kadi ya CTC, yaani kliniki ya huduma na tiba kwa wenye VVU, tunaandika rufaa chap, hata kama mtu kaja na presha. Tulizoea ARV ni mambo ya hospitali kubwa, ndo ilivyoanza 2004, na enzi hizo mtu anasubiri mpaka CD4, zile seli za kinga, ishuke chini ya 200. Lakini toka 2016 akikutwa na VVU anaanzishiwa dawa, sasa kama kila mmoja tunampandisha bodaboda kwenda wilayani sisi huku tunafanya nini?

Kilichotushika ni siku ya vitendo. Alikuja mama mjamzito, TLD yake, kile kidonge kimoja chenye dawa tatu za ARV ikiwemo dolutegravir, hakosi, anaimeza alfajiri tumbo tupu pamoja na vidonge vya kuongeza damu, maji glasi moja. Tukahesabu vidonge kwenye kopo, vimelingana, tukamsifia. Mkufunzi akauliza, "Mmemuuliza anavimeza na nini?" Kimya. Kumbe madini ya chuma yaliyomo kwenye vidonge vya damu yanaikamata ile dolutegravir isiingie vizuri mwilini, kwahiyo ama ameze vyote na chakula au TLD itangulie masaa mawili. Na wa TB anayetumia rifampisini anaongezewa dolutegravir ya miligramu 50 masaa 12 baada ya TLD. Mambo madogo hayo, ila ndo yanakuja kuonekana kwenye HVL, kipimo cha wingi wa VVU kwenye damu, halafu anasemwa mgonjwa kwamba hamezi dawa.

Changamoto zipo. Mwenzetu mmoja alishapata mafunzo kama haya huko nyuma, mwezi haujaisha akapangiwa wodi ya upasuaji, ujuzi ukaishia kwenye daftari. Tunaomba tuachwe CTC angalau mwaka, mkufunzi aje kila mwezi akae nasi na mafaili yetu, na sampuli za HVL zisisubiri pikipiki ya kuazima.

Vyeti tunashukuru sana, ila namba ya daktari wa CTC ya wilaya, ile anayopokea hata saa 2 usiku, tunaiomba leo leo kabla hujapanda gari.

Tunaomba kuwasilisha.