Mtafiti anayebadili mwelekeo apewe pa kuanzia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie fedha za utafiti kwa sisi tuliomaliza shahada ya uzamivu miaka ya karibuni, hasa yule anayetaka kuacha njia aliyofundishwa na kushika nyingine.

Uzamivu wangu ulihusu dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani hadi yakabaki vumbi. Lakini naishi Usa River, jirani na Maji ya Chai, ambako floraidi iliyomo katika maji yanayoshuka kutoka Mlima Meru imeacha watu wengi na meno ya kahawia, na kwa muda sasa najiuliza ni kiasi gani tunakipata si kwa kunywa tu, bali pia kwa maharage yaliyopikwa kwa maji hayo hayo na kulainishwa kwa magadi, ambayo nayo yana floraidi.

Andiko langu la kuomba fedha za kulichunguza swali hilo lilirudishwa na mfadhili mmoja kwa maelezo kwamba mwombaji hana machapisho wala matokeo ya awali katika eneo hilo. Ni kweli, sina. Nina chupa kumi na nne za plastiki zilizopangwa dirishani, kila moja imeandikwa jina la chemchemi na tarehe, zikisubiri fedha ya kuzipima. Matokeo ya awali yanatakiwa yatangulie fedha za kuyatafuta!

Sikatai kwamba fedha za umma zinahitaji dhamana, na rekodi ya mtu ni dhamana. Hata hivyo, Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zina tuzo, tangu 2007, kwa wanasayansi wasiozidi miaka 10 baada ya uzamivu, ambayo haimlazimishi mwombaji kuwa na matokeo ya awali. Human Frontier Science Program, mpango wa kimataifa wa kufadhili utafiti wa sayansi ya viumbe hai wenye makao Strasbourg, Ufaransa, humtaka mwenye uzamivu anayeomba ufadhili wake wa muda mrefu aonyeshe kwamba anaondoka katika eneo lake la zamani.

Nasi tunaye Erasto Mpemba, aliyechekwa shuleni kwa kusema kwamba mwaka 1963 aliona maziwa ya moto yakiwahi kuganda kuliko ya baridi. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam, hakumdai machapisho. Alimwagiza fundi wa maabara ajaribu, na mwaka 1969, Mpemba akiwa Chuo cha Wanyamapori cha Mweka karibu na Moshi, waliandika makala pamoja. Wanafizikia bado wanabishana juu ya jambo hilo.

Naiomba COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, kupitia Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia, itenge dirisha dogo la ufadhili la mwaka mmoja kwa wanaobadili mwelekeo, wapimwe kwa swali na mbinu zao, chini ya mtafiti mzoefu wa eneo jipya. Mwaka ukiisha, kila mmoja aandike alichokuta, hata kama hakukuta kitu.

Mtafiti,
Usa River, Arusha.