Mume wangu alikuwa beki wa ligi kuu, sasa anataka nisaini nyumba iende benki

Shikamoo anti, na wasomaji wenzangu habari zenu. Mi ni mama wa watoto wawili, naishi huku Chamazi, nauza chakula cha mchana kwa mafundi gereji. Naandika usiku huu baba watoto akiwa kalala maana mchana simu yangu anaishikashika. Nina fomu ya benki humu ndani inasubiri saini yangu na alhamisi wanakuja kupiga picha nyumba, kwa hiyo naombeni mnisome mpaka mwisho hata nikirefusha.

Mume wangu alikuwa mchezaji. Sio wa mchangani, wa ligi kuu kabisa, beki wa kulia, misimu 11 timu tano, na mojawapo ni timu kubwa ya hapa mjini. Jina silitaji maana mkilijua tu mtaanza ahaa si yule aliyejifunga siku ile. Ndio huyo huyo, na alijifunga mara moja tu kwenye maisha yake lakini ndio watu wanayokumbuka.

Tulioana 2012, mwaka uliofuata akasaini hiyo timu kubwa miaka miwili, dau milioni 25, mshahara milioni moja na laki mbili. Mi nilikuwa nasuka saluni Temeke. Jamani watu mnadhani mchezaji ana hela kila siku, kumbe hela yenyewe ni ile ya usajili, inakuja kama mvua ya mwezi wa nne halafu kunakauka kabisa. Mshahara nao kwenye zile timu nyingine alizopita unachelewa miezi miwili mitatu mnaishi kwa bonasi, wakishinda mnakula kuku wakifungwa mnakula dagaa, nimewahi kuombea dakika 90 nikiwa na mimba ya miezi saba sio kwa ushabiki, kwa sababu ya kodi ya chumba.

Ile milioni 25 iliishaje? Meneja alichukua chake. Altezza milioni tisa, nyekundu, nayo iliuzwa milioni tatu na nusu baadae. Mama mkwe kaezekewa bati jipya kule Muheza, mdogo wake kalipiwa ada ya chuo. Halafu michango, anti, hii michango nyie hamuijui. Kadi ya harusi ikipita mtaani wenzake wanaandikiwa elfu hamsini, yeye laki tano, "wewe staa bwana". Misiba hata ya watu asiowajua wanampigia. Na mi nilikula, sitaki niwadanganye, nilifanyiwa kitchen party mtaa mzima ukaongea, nilikuwa naweka nywele za laki tatu, masofa nikabadilisha mara mbili ndani ya mwaka. Kitu pekee nilichofanya cha maana ni kumpigia kelele 2014 mpaka akanunua hiki kiwanja, tukajenga vyumba vitatu na fremu mbili kwa mbele. Fremu moja ndio jiko langu.

2019 akiwa timu ya mkoani goti likaachia, ligamenti ilikatika mazoezini, hata sio kwenye mechi. Vipimo walilipa, operesheni walilipa nusu, nusu tulichangiwa na wachezaji wenzake. Yupo nyumbani anachechemea ikaja korona, ligi ikasimama mwezi wa tatu 2020, ilivyorudi mwezi wa sita yeye hakurudi. Mkataba uliisha wenyewe, hakuna aliyepiga simu hata ya kusema asante. Huwa wanasema fulani katundika daluga, wangu hakutundika chochote, aliamka tu siku moja hana timu, na miaka 31.

Kilichomuuma zaidi ni 2021. Azam ya tivii na TFF, shirikisho la mpira, wakasaini ule mkataba wa kuonyesha ligi, bilioni 225.6 kwa miaka kumi, tunaangalia taarifa ya habari wote sebuleni. Akazima tivii akatoka nje akakaa kwenye tanki la maji mpaka saa sita usiku. Mwaka mmoja tu baada ya yeye kukosa timu. Mpaka leo akisikia kijana kasajiliwa kwa dau kubwa anauliza "huyu na mimi nani alikuwa anajua mpira", na mi najibu wewe, na ni kweli.

Mwaka juzi nikamwambia twende NSSF, ule mfuko wa pensheni, tukaangalie kama kuna kitu, maana mkataba ulikuwa unasema anakatwa asilimia 10 na timu inaongeza 10. Tukakuta miezi 26. Misimu 11 miezi 26! Timu mbili tu ndio zilipeleka, nyingine walikuwa wanamkata wanakula. Dada wa pale dirishani, mstaarabu kweli, akatuelewesha kwamba pensheni inataka miezi 180 ya michango. Nikapiga hesabu kwenye simu pale pale, hata timu zote zingepeleka kila senti, miaka 11 ni miezi 132, bado haifiki. Nani anacheza beki miaka 15 anti? Labda kipa. Nikauliza basi tukamlalamikie nani, akasema leteni mikataba na salari slipu. Mikataba yenyewe ilibaki kwa meneja, na slipu hatujawahi kuiona.

Sasa nije kwenye kinachonikosesha usingizi. Shida ya mume wangu sio kwamba hana hela, mbona mtaa mzima hatuna. Shida ni jina. Hela zimeondoka jina likabaki na halijui kwamba hela hazipo. Akipanda daladala konda anapaza sauti "oya beki, gari iko wapi", abiria wote wanageuka, kwa hiyo anatoka saa kumi na moja alfajiri au anatembea kwa mguu na kofia kaishusha mpaka puani. Akiingia dukani wanamwambia staa tuachie ya soda. Mi mwenyewe wateja wananiita shemeji, halafu wanakula kwa mkopo, utamdai vipi mtu anayekuita shemeji?

Aliwahi kupata kibarua cha ujenzi kule Mbande, zege, elfu kumi na tano kwa siku, miezi miwili alikuwa anakwenda vizuri tu na nyumbani kulikuwa na amani. Akaja kijana mmoja kumpiga picha kabeba mfuko wa saruji begani, kala vumbi, akairusha mtandaoni ikiwa pembeni ya picha ya zamani kavaa jezi, akaandika "kachoka mbaya". Ikazunguka. Mtoto wetu mkubwa aliletewa shuleni, ana miaka kumi, alirudi analia hataki kusema kwa nini. Kesho yake baba yake hakwenda saiti na hajaenda tena mpaka leo. Sijui huyo kijana alipata likes ngapi, mi nilipoteza elfu kumi na tano kila siku.

Tangu hapo ni kukaa ndani na simu. Anawasoma wazungu waliofilisika, nadhani inampoza. Ananiambia David James kipa wa Uingereza alitangazwa kufilisika 2014, Wes Brown wa Manchester United 2023. Yule Eboue aliyecheza fainali ya Ulaya na Arsenal 2006 alikuja kusema 2017 kwamba hana kitu, baada ya talaka na kufungiwa na FIFA mwaka mzima kwa deni la wakala wake. "Umeona mama, sio ujinga wangu, ni mpira wenyewe ndio ulivyo." Siku moja nikamjibu hao wenzako walifilisika kwenye mabilioni, sisi tumefilisika kwenye milioni 25. Alicheka, halafu hakunisemesha siku mbili.

Na mikeka, hii ya kubeti mechi. Anaamini mpira anaujua kwa hiyo hawezi kuliwa. Mechi 12 anapata 11, kila wiki 11. Mwezi wa pili nikagundua kachukua kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, laki nane, kaweka dhamana friji na tivii, marejesho ya kila wiki, na walivyokuja kudai yeye hakuwepo mi ndio nilisimama mlangoni na kijiko cha wali mkononi wateja wananiangalia. Bado tunadaiwa laki tano na kitu.

Ndio katika hali hiyo kaja rafiki yake waliyecheza wote, na wazo la akademi. Wakodi kiwanja, wanunue mipira na jezi, pembeni waweke kibanda umiza cha kuonyesha mechi jioni. Mtaji milioni 30, nyumba yetu ndio dhamana, huyo rafiki yeye analeta "koneksheni". Marejesho milioni moja na laki moja kila mwezi miaka mitatu. Mi sijasoma sana ila nauza chakula, hesabu naijua. Mtoto mmoja analipa elfu ishirini kwa mwezi, inamaana wanatakiwa watoto 55 wanaolipa bila kukosa hata mmoja ndio benki ipate chake, hapo hujalipa kiwanja, hujala. Na hapa Chamazi mzazi gani anatoa elfu ishirini mtoto akacheze mpira wakati timu ya Azam yenyewe ipo hapo na kila mtoto anaota kuchukuliwa nayo?

Lakini naombeni msimwone mjinga. Jumamosi huwa anawafundisha watoto wa mtaani bure kwenye uwanja wa vumbi huku nyuma. Mngemuona. Goti bovu lakini anakimbia nao, anawaonyesha namna ya kukaa mwili ukimkaba winga, anapiga kelele, anacheka kwa sauti ambayo ndani ya nyumba sijaisikia tangu korona. Mtoto mmoja alikuwa mwizi wa kuku, sa hivi anakuja kuniosheia vyombo. Kwa hiyo wazo sio baya, mi naogopa tu nyumba.

Kuna shule binafsi moja karibu hapa walimwita awe mwalimu wa michezo, laki tatu na nusu kwa mwezi na chakula cha mchana. Kakataa. Anasema yeye aliyejaza Uwanja wa Taifa hawezi kupulizia filimbi watoto wa chekechea. Mkuu wa shule alisema pia kwamba akiwa na leseni D ya ukocha wangemuongezea, kozi anaijua, wenzake wamesoma, yeye anaona aibu kukaa darasani na vijana aliokuwa anawabebesha mabegi.

Nimeuliza kwa akina mama wa msaada wa kisheria, wakanijibu Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 inasema nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Yaani bila mimi hakuna mkopo. Nilidhani nitafurahi, kumbe ndio mzigo umeniangukia mimi. Shemeji zangu wanasema namkaba kaka yao kuliko alivyokuwa anakaba yeye. Mama mkwe juzi kapiga simu kutoka Muheza, hakugomba, ni mtu mzuri, kanambia tu "mwanangu, alipokuwa nazo ulikuwa unamwamini". Sikuwa na jibu.

Na kuna kitu kingine ambacho hajui mtu yeyote. Nina hela. Milioni tatu na laki nne, nimeziweka UTT, ule mfuko wa uwekezaji wa pamoja, kidogo kidogo tangu 2021, elfu ishirini, elfu thelathini, nyingine ni faida ya vikoba. Kuna mama wa vikoba alitufundisha, huyo huyo akanambia hata serikali unaweza kuikopesha kwenye hatifungani kuanzia milioni moja na unalipwa riba kila miezi sita, nikakaa nawaza milioni 25 za mwaka ule nikaona bora nisiwaze. Hizi zinatosha kumaliza kausha damu, kumlipia kozi ya leseni, na pengine mipira kumi na koni za kuanzia pale pale kwenye vumbi, bila benki na bila rafiki wa koneksheni. Lakini nikizitoa atajua kwamba miaka yote tulipokuwa tunalala na uji nilikuwa na hela nimeficha. Ile siku mtoto kalazwa Mbagala akaenda kukopa kwa jirani, hela zilikuwepo. Niliogopa akizijua zitakwenda kwenye mkeka au kwenye harusi ya mtu.

Sasa nishaurini. Nisisaini, nikae kimya na hela zangu, shemeji zangu waseme watakavyo? Nisaini maana ni mume wangu na huenda safari hii ikawa kweli? Au nizitoe nimwonyeshe nimwambie anza na hizi, na kama ni hivyo naanzaje kumwambia bila kumvunja, maana huyu mwanaume kashavunjwa na wengi. Waliowahi kuishi na mchezaji, au na mtu yeyote aliyekuwa na jina, ndio nawategemea zaidi. Na nyie wanaume pia semeni, mkeo akikuonyesha hela aliyokuficha miaka yote hiyo unashukuru au unaondoka?

Fomu iko kabatini chini ya madera. Nimemwambia natafuta kalamu nzuri isiyovuja, leo ni siku ya nne, na kila asubuhi kabla hajanywa chai ananiuliza kama kalamu nimepata.